Punda Afe, Mzigo Ufike: Distroya za Japani na Vita Ambavyo Hazikujengewa

Usiku wa tarehe 30 Novemba 1942, distroya nane za Japani, manowari nyembamba zenye mbio, zilikuwa zikijongea ufuo wa Tassafaronga, kaskazini mwa kisiwa cha Guadalcanal katika Visiwa vya Solomon, bahari ya Pasifiki, na sita kati yake zilikuwa zimejaa mapipa sitahani. Mapipa haya haya ya mafuta tunayoyajua sote. Yalikuwa yamesafishwa, yakatiwa nafaka kwa kiasi cha kubakisha hewa ya kuyaelesha, kisha yakaunganishwa kwa kamba. Mpango ulikuwa mwepesi kuusimulia: meli ziingie gizani, zisukume mapipa majini, mashua zishike ncha za kamba na kuzifikisha nchi kavu, halafu askari wavute. Wavutaji wenyewe walikuwa watu wenye njaa na malaria, wengine hata kusimama ni taabu. Ili ipatikane nafasi ya mapipa, topido za akiba, yale makombora yanayokwenda chini ya maji, zilikuwa zimeachwa bandarini.

Mkuu wa msafara, Admirali Tanaka Raizo, hakuja kupigana. Wamarekani walikuja kwa hilo hasa: kruza tano, manowari kubwa kuliko distroya, na distroya sita, tena wana rada, wakamwona kabla yeye hajawaona. Mizinga yao ilipofyatuka, karibu yote iliiangukia Takanami, distroya iliyokuwa imewekwa upande wa bahari kuwa mlinzi. Ikashika moto, na baadaye ikazama. Lakini miali ya mizinga ile ile iliwaonyesha Wajapani adui alipo. Tanaka akaamuru mapipa yaachwe, na baada ya dakika chache topido zaidi ya 40 zilikuwa zinakata maji. Kruza nne kati ya tano zilipigwa. Northampton ilizama. New Orleans iling'olewa omo, yaani sehemu yake ya mbele, pamoja na mizinga iliyokuwa hapo. Karibu Wamarekani 400 walikufa.

Ukiuhesabu kama pambano, Tanaka alishinda vizuri mno. Distroya zilizobebeshwa kama mikokoteni zilizipiga kruza zilizokuwa zimejiandaa kuzivizia. Lakini angalia mzigo: usiku ule hakuna pipa hata moja lililofika kwa askari. Waswahili husema punda afe, mzigo ufike. Pale Tassafaronga punda alimrushia mwizi mateke akamvunja mbavu, na mzigo ukabaki njiani.

Nimekuwa nikisoma habari za distroya hizi kwa miaka mingi. Kwa asiyezijua, ni manowari ndogo kuliko kruza, kazi yake kulinda meli kubwa na kuwinda. Wapenzi wa historia ya vita hupenda kubishana juu ya manowari kubwa Yamato na mizinga yake ya sentimita 46, au juu ya manowari za kubebea ndege zilizopiga Pearl Harbor. Mimi nimeishia kwa hizi nyembamba. Manowari kubwa za Japani zilishinda nanga miezi mingi zikisubiri pambano la kufa na kupona. Distroya hazikusubiri kitu. Zilikwenda kila siku, na zikamalizika. Japani iliingia vitani ikiwa na distroya zipatazo 110, ikajenga nyingine kadhaa vita vikiendelea, na kufikia Agosti 1945 zaidi ya 120 zilikuwa chini ya maji.

Ninachotaka kusema ni kwamba hazikufa kwa sababu ya ubovu wake. Kwa kazi zilizoundiwa zilikuwa bora kuliko za nchi yoyote. Zilikufa zikifanya kazi nyingine, kazi ambayo wakuu wake waliidharau.

Chanzo ni meza ya mazungumzo, Washington, mwaka 1922. Mkataba uliotiwa saini pale uliigawia Marekani tano, Uingereza tano na Japani tatu, ndiyo hesabu ya uzito wa manowari kubwa. Wakuu wa jeshi la majini la Japani wakakaa chini wakapiga hesabu zao. Vita vikija, Wamarekani watavuka Pasifiki kutufuata. Hatuwezi kulingana nao mchana, basi tuwapunguze njiani, usiku, kwa topido, na kulipokucha manowari kubwa zikutane zikiwa sawa.

Kila kitu kilichofuata kilitumikia usiku huo mmoja wa kufikirika. Mwaka 1928 ikatoka Fubuki, ya kwanza katika kundi la meli 24, na mabaharia wa nchi nyingine wakabaki kuitolea macho. Mizinga sita ya milimita 127 ilikaa ndani ya vyumba vilivyofunikwa, wakati distroya za wengine mabaharia wao walikuwa bado wanapigwa na mawimbi wakijaza risasi. Mirija ya topido tisa. Mwendo wa zaidi ya kilomita 65 kwa saa. Tamaa ya kupandisha silaha ilizidi hadi bahari yenyewe ikawakumbusha: Septemba 1935 kikosi kilichokuwa mazoezini kilikutana na kimbunga, na Hatsuyuki na Yugiri zikakatika omo kama zimepigwa panga. Wahandisi wakarudi karakana kuimarisha mbavu na kupunguza uzito wa juu.

Kisha topido. Ile iliyoidhinishwa mwaka 1933, inayoitwa Aina ya 93, ilikuwa na urefu wa mita tisa, upana wa milimita 610, uzito wa karibu tani 2.7, na kichwani ilibeba takriban kilo 490 za baruti kali. Siri yake ilikuwa oksijeni tupu badala ya hewa ya kawaida. Oksijeni ilichoma mafuta vizuri zaidi na haikuacha mkia mrefu wa mapovu, hivyo mlengwa hakuona kinachomjia. Iliweza kwenda kilomita 20 kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa. Topido ya distroya za Marekani, kwa mwendo wake wa kasi, ilifika kilomita tano na nusu hivi. Wamarekani walichelewa sana kukubali kwamba kitu kama hicho kipo, na meli zao zilipolipuka zikiwa mbali na adui, walitafuta sababu nyingine: labda nyambizi, labda mabomu ya kutegwa.

Ongeza hapo walinzi waliochaguliwa kwa ukali wa macho, wenye darubini kubwa za usiku, waliofunzwa kwa miaka. Rada hawakuwa nayo, na mwaka 1942 kuna nyakati macho yao yaliishinda. Kwa usiku wao mmoja walikuwa tayari kabisa.

Usiku huo haukuja. Kilichokuja ni Guadalcanal.

Agosti 1942 Wamarekani waliuteka uwanja wa ndege uliokuwa ukijengwa na Wajapani kisiwani humo, na tangu siku hiyo bahari ile ilikuwa na wenyewe wawili: mchana ya Wamarekani kwa sababu ya ndege, usiku ya Wajapani kwa sababu ya distroya. Meli za mizigo zinazojikokota hazikuweza kufika na kutoka kabla ya jua kuchomoza. Distroya ziliweza. Basi zikatupwa kwenye njia ile ndefu kati ya Visiwa vya Solomon, usiku baada ya usiku, zikibeba askari na chakula. Wamarekani waliuita msafara huo Tokyo Express. Mabaharia wa Japani wenyewe waliuita uchukuzi wa panya, na hawakuusema kwa fahari.

Ubaya wa kutumia distroya kama lori ni kwamba si lori. Ilichukua askari kama 150 na vifurushi vyao vya mgongoni. Mizinga mizito, magari na magunia ya kutosha maelfu ya watu hayakuingia. Ilikunywa mafuta kwa pupa ikienda mbio, na ilibidi iende mbio. Kila safari ilichakaza mitambo, kila safari iliweka rehani meli iliyochukua miaka miwili kujengwa kwa ajili ya shehena ambayo jahazi kubwa lingeicheka. Kwa muda wa kampeni ile Japani ilipoteza distroya 11, bila kuhesabu zilizorudi zimetobolewa.

Siku tatu baada ya Tassafaronga, Tanaka alirudi na mapipa 1,500. Safari hii hakukuwa na pambano, na yote yakatupwa majini. Yaliyovutwa nchi kavu hayakuzidi sana 300. Kamba zilikatika, wavutaji hawakuwa na nguvu, na kulipokucha ndege za Marekani zikayamiminia risasi yaliyokuwa bado yanaelea. Akaenda tena siku chache baadaye, akiwa ndani ya Teruzuki, meli mpya kabisa iliyoundwa kutungua ndege kwa mizinga yake minane ya milimita 100. Iliuawa na boti ndogo ya mbao. Boti za topido za Kimarekani zilijipenyeza gizani usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, zikaipiga, na Tanaka mwenyewe akajeruhiwa.

Yeye alikuwa amekwisha kuwaambia wakubwa zake wazi kwamba kisiwa kile hakishikiki na kwamba wanazimaliza meli kwa kazi isiyo na mwisho. Kabla mwaka haujaisha akaondolewa. Alipelekwa Singapore, kisha Burma, kazi za nchi kavu, na hakupewa tena meli za kuongoza vitani. Huyu ndiye aliyewafundisha Wamarekani maana ya topido usiku, na adui zake walimsifu baada ya vita kuliko walivyomsifu mabosi wake. Mimi sioni kosa lolote la Tanaka zaidi ya kusema kweli mapema. Februari 1943 wakubwa hao hao walizituma distroya zipatazo 20, katika safari tatu, kuwaondoa waliobaki hai kisiwani. Zaidi ya watu 10,000 walitolewa, na meli moja tu, Makigumo, ndiyo iliyopotea. Wamarekani walidhani ni askari wapya wanaletwa. Safari iliyofanikiwa kuliko zote katika uchukuzi ule ilikuwa ya kukimbia.

Wiki chache tu baadaye, Bahari ya Bismarck, ikaonekana kitakachotokea distroya zikikamatwa mchana. Meli nane za mizigo na distroya nane zilikuwa zinavusha karibu askari 6,900 kutoka Rabaul kwenda Lae, New Guinea. Ndege za Marekani na Australia zilikuja chini kabisa, karibu zikiramba maji, zikayarusha mabomu yakadunda juu ya bahari na kupiga ubavuni. Meli zote nane za mizigo zilizama, na distroya nne pamoja nazo. Waliofika Lae walikuwa kama 1,200. Katika siku zilizofuata ndege na boti ziliwapiga risasi waliokuwa wanaelea, ili wasifike nchi kavu na kushika bunduki. Hilo nalo limo katika kumbukumbu za washindi, na huwa nashangaa linavyopitiwa haraka haraka.

Kwa msomaji wa kawaida, distroya ya Japani inayojulikana kuliko zote ni Amagiri, na hata hajui kuwa anaijua. Ndiyo iliyoigonga boti ya topido PT-109 ya kijana John F. Kennedy, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na kuikata vipande viwili, usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti 1943. Nilichokipenda mimi katika kisa hicho ni nini Amagiri ilikuwa inafanya pale: ilikuwa inarudi kutoka kushusha askari na chakula kisiwa cha Kolombangara, pamoja na Hagikaze, Arashi na Shigure. Upagazi ule ule. Siku chache baadaye msafara ukarudia njia ile ile, na nafasi ya Amagiri ikachukuliwa na Kawakaze.

Mkuu wa Shigure alikuwa Hara Tameichi, mtu aliyekuwa ameandika mafundisho ya kutumia topido yaliyosomwa na jeshi zima la majini. Hakuipenda safari hiyo. Kupita njia ile ile kwa mtindo ule ule kwake ulikuwa wazimu, lakini amri ni amri. Usiku wa tarehe 6 Agosti, katika Ghuba ya Vella, distroya sita za Marekani zilikuwa zimejificha kwenye kivuli cha kisiwa, zimezima kila taa, zinawatazama kwa rada. Makamanda wao walikuwa wamejifunza. Hawakufyatua mizinga. Walirusha topido kwanza, kimya, wakageuka wakasubiri. Hagikaze, Arashi na Kawakaze zilipigwa karibu kwa wakati mmoja, na zaidi ya watu 1,000, askari na mabaharia, wakafa usiku huo. Shigure ilikuwa ya mwisho katika mstari, imeachwa nyuma kidogo kwa sababu mitambo yake ilikuwa imechoka na inahitaji matengenezo. Uchovu huo ndio uliomwokoa Hara. Baadaye meli ilipokaguliwa, tundu likaonekana kwenye usukani: topido moja ilikuwa imepita pale pale bila kulipuka.

Hapo ndipo Wajapani walipopokonywa usiku. Mwaka mmoja kabla, silaha yao na ujasiri wao wa gizani havikuwa na mfano. Sasa wamepigwa kwa mbinu yao wenyewe na watu waliokuwa na kitu cha ziada, macho yasiyohitaji nyota.

Shigure ilirudia mchezo huo Oktoba 1944 katika mlango wa bahari wa Surigao, Ufilipino. Admirali Nishimura aliingia na meli saba, manowari mbili kubwa zikiwa ndani yake. Kati ya saba hizo, iliyorudi ni Shigure peke yake. Watu waliisema pamoja na distroya nyingine, Yukikaze, kuwa ni meli mbili zenye bahati, moja ya Sasebo, nyingine ya Kure. Januari 1945 nyambizi Blackfin ikaipiga topido katika Ghuba ya Siam, na Shigure nayo ikazama.

Sasa nije kwa meli inayonipa taabu kuliko zote. Tarehe 1 Machi 1942, baada ya mapambano ya Bahari ya Java, Waingereza walipoteza kruza Exeter na distroya Encounter. Siku ya pili yake mamia ya mabaharia walikuwa bado majini, wamepakaa mafuta meusi, macho yamevimba, wengine wameanza kukata tamaa. Ikatokea Ikazuchi. Nahodha wake, Kudo Shunsaku, alikuwa kwenye maji yenye nyambizi za adui, na meli inayosimama ni shabaha. Akasimama. Akaagiza kamba na ngazi zishushwe, na mabaharia wake wakaruka majini kuwakamata waliokuwa hawana nguvu ya kushika kamba. Waliopandishwa walikuwa 442, kwenye meli yenye mabaharia kama 220. Wakasafishwa mafuta, wakapewa nguo, maji na biskuti, na Kudo akawaambia maofisa wao kwa Kiingereza kwamba wamepigana kwa ushujaa na siku hiyo ni wageni. Mmoja wa waliookolewa, Sam Falle, baadaye alikuwa balozi wa Uingereza. Kudo alifariki mwaka 1979 akiwa hajakitangaza kisa hicho, na mwaka 2008 Falle, mzee wa miaka karibu 90, alisafiri hadi Japani kuzuru kaburi lake.

Kisa hiki kinapendwa sana na watu wanaotaka kusafisha jina la jeshi lile. Mimi nakipenda pia, lakini siwezi kukisimulia bila kuitaja Akikaze. Tarehe 18 Machi 1943, distroya hiyo ilikuwa imebeba raia wapatao 60 kutoka visiwa vya kaskazini ya New Guinea: mapadri, masista, wengi wao Wajerumani, raia wa nchi mshirika wa Japani, na watoto wadogo. Ilipofika baharini, wakaletwa mmoja mmoja tezini, nyuma ya meli, wakauawa kwa risasi, maiti zikatupwa majini. Wanamaji wa taifa lile lile, meli za kazi ile ile, mwaka mmoja kati yake. Sina namna ya kuvilinganisha visa hivi viwili, na siamini wanaosema kimoja ndicho "sura halisi" ya Wajapani. Nahodha mmoja alipata nafasi ya kuamua akaamua. Mwingine alipewa amri akaitekeleza. Akikaze ilizamishwa Novemba 1944 na mabaharia wake wote, ilipopigwa na topido zilizokuwa zimelengwa manowari ya kubebea ndege, Junyo.

Ikazuchi nayo ilikufa na watu wake wote, Aprili 1944, kusini ya Guam. Kudo alikuwa amehamishwa zamani. Aliyeiua alikuwa nyambizi Harder, ambayo Juni mwaka huo ilizamisha distroya nyingine tatu katika muda wa siku nne karibu na Tawi-Tawi: Minazuki, Hayanami na Tanikaze. Msomaji aone kinyume kilivyo hapa. Distroya ndiyo mwindaji wa nyambizi. Nyambizi ikiiona hukimbia. Mwaka 1944 nyambizi za Marekani zilipewa agizo la kuzitafuta distroya kama shabaha ya kipaumbele, kwa kuwa wakuu wao walijua Japani inazo chache na kila moja ikizama, meli kumi za mizigo zinabaki uchi. Jeshi la majini la Japani lilikuwa limejifunza usiku wa topido kwa miaka 20, na katika miaka hiyo hiyo kazi ya kusindikiza meli za mizigo ilionekana ya watu walioshindwa. Makao makuu ya ulinzi wa misafara yaliundwa Novemba 1943, vita vikiwa na takriban miaka miwili. Nchi ya visiwa isiyo na mafuta wala chuma cha kutosha! Hapo ndipo huwa nakifunga kitabu kwa hasira.

Na hapa hadithi inapita kwetu Mombasa, jambo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Aprili 1942 manowari za Admirali Nagumo zilivamia Bahari ya Hindi, zikapiga Colombo na Trincomalee, zikazamisha manowari ya kubebea ndege Hermes. Katika walinzi wa Nagumo zilikuwamo distroya Isokaze na Hamakaze. Waingereza wakaiondoa sehemu kubwa ya kikosi chao Ceylon (Sri Lanka ya leo) wakaileta Kilindini, na pamoja nacho wakaja wavunja siri za maandishi. Waliwekwa katika shule ya Allidina Visram, ile ile ambayo watoto wa Mombasa wanasoma mpaka leo, na humo ndani wakaivunja lugha ya siri iliyotumiwa na meli za mizigo za Japani. Maana yake, ilijulikana meli gani inatoka wapi, inakwenda wapi na itapita lini. Distroya ilikuwa inasindikiza meli ambayo adui alishaandika saa yake ya kupita.

Bahari ya Hindi iliwachukua na watu wetu. Februari 1944 msafara uliotoka Kilindini kuelekea Colombo ulivamiwa karibu na Maldives na nyambizi ya Kijapani I-27, na meli Khedive Ismail ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Ndani yake walikuwamo karibu askari 1,000 wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi na mabaharia. Waliokufa ni karibu 1,300. Waliopona ni zaidi kidogo ya 200. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wanaelea, na distroya ya Kiingereza Petard ikalazimika kutupa mabomu yake ya majini pale pale walipokuwa. Nyambizi ikapatikana, ikazamishwa. Kila ninaposoma kuhusu Kudo kusimamisha meli yake kwenye maji ya hatari namkumbuka nahodha wa Petard, ambaye hakuwa na njia ya kusimama.

Mwisho ulikuja kwa mkupuo. Vita vilipofika 1944 Japani ilikuwa inajenga distroya ndogo za aina ya Matsu, rahisi, za polepole, zenye nguvu ya kutosha kusindikiza, yaani hasa kile kilichohitajika tangu siku ya kwanza. Marekani kwa upande wake ilijenga distroya 175 za aina moja tu, Fletcher. Tarehe 6 Aprili 1945 Yamato ilitoka kwenda Okinawa bila ndege ya kuilinda, ikiwa na kruza moja na distroya nane. Asashimo iliharibika mitambo ikabaki nyuma, ikauawa peke yake, hakurudi mtu. Hamakaze ilizama, Isokaze na Kasumi, zilizoharibiwa vibaya, zilimaliziwa na wenzao baada ya kuwahamisha watu. Suzutsuki ilipasuliwa omo isiweze kwenda mbele, basi ikarudi Sasebo kinyumenyume, tezi mbele. Baada ya vita mwili wake, pamoja na wa mwenziwe Fuyutsuki na Yanagi, ulizamishwa Wakamatsu uwe ukuta wa kuzuia mawimbi bandarini.

Imebaki Yukikaze. Meli za aina yake, Kagero, zilikuwa 19, na ndiyo peke yake iliyomaliza vita. Ilikuwapo Bahari ya Java, Midway, Guadalcanal, Bismarck, Samar, na safari ya Yamato. Mabaharia wengine waliiona ya kisirani: ilikwenda na manowari kubwa Hiei ikazama Hiei, ikaisindikiza manowari kubwa Kongo ikazama Kongo, ikaisindikiza manowari ya kubebea ndege Shinano ikazama Shinano. Mimi habari ya bahati hainikai. Ukiwa na meli zaidi ya 100 na ukazitumia hivyo, mmoja atabaki, na yeyote atakayebaki ataitwa mwenye bahati. Tena wanaomjua Yukikaze husema ilitunzwa vizuri na iliongozwa na manahodha makini, jambo ambalo maneno ya bahati hulifunika.

Vita vilipoisha ilivuliwa silaha ikatumwa kuwarudisha Wajapani waliokwama Rabaul na kwingineko, ikawaleta zaidi ya watu 13,000 nyumbani. Julai 1947 ikakabidhiwa China kama fidia ya vita, ikapewa jina la Tan Yang, na serikali ya Chiang Kai-shek ilipokimbilia Taiwan ikaenda nayo, ikawa manowari ya kiongozi wa kikosi. Usukani na nanga yake vilirudishwa Japani mwaka 1971, na viko Etajima. Katika miaka ya 1950 Wataiwani waliing'oa mizinga ya Kijapani wakaifunga ya Kimarekani. Wakati huo huo, mwaka 1956, Japani ilizindua utumishi wa distroya mpya iliyopewa jina lile lile, Yukikaze, nayo ikiwa na mizinga ya Kimarekani ya milimita 127. Kwa miaka kadhaa zote mbili zilikuwa kazini, mpya Japani na ya zamani Taiwan.